Chokaa Kwanza, Vifaranga Baadaye

Kuna watu wanaofuga matumbawe sebuleni. Hununua sanduku la kioo la lita 200 hivi, wakalijaza maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu, wakatundika taa juu yake, na tangu siku hiyo kazi yao kubwa huwa ni maji. Kila wiki, na wengine kila siku, huchota kidogo kwenye kichupa, hutia matone ya dawa, hutazama rangi ikigeuka, kisha huandika kwenye daftari: kalsiamu imefika wapi, pH ni ngapi, na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, imeshuka kwa kiasi gani. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti iliyomo majini. Bahari pale Malindi au Kisite hubeba miligramu 400 na ushei za kalsiamu katika kila lita bila kuombwa na mtu. Kioo cha sebuleni hakina bahari nyuma yake, kwa hivyo asiyepima hukuta siku moja matumbawe yamebaki mawe meupe.

Kitale iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa kwa barabara, na huku kwetu hatufugi matumbawe. Tunafuga tilapia na kambare. Lakini kemia ni ile ile. Mfugaji wa Chwele, Kimilili, Kiminini au Kwanza mwenye kidimbwi cha mita 300 za mraba, chenye maji ya kina cha mita moja, anamiliki lita 300,000 za maji, mara 1,500 ya kile kioo. Ndani yake kuna vifaranga alivyonunua, chakula alichokopa na karo ya muhula ujao. Muulize alkaliniti ya maji yake ni ngapi. Atakuambia maji ni mazuri, yamekuwa kijani.

Simlaumu. Miaka yote hii amepewa kila kitu isipokuwa kichupa cha kupimia.

Kenya imechimba vidimbwi kwa misimu. Katika miaka ya 1960 serikali ilihimiza raia wale samaki zaidi, vidimbwi vidogo vikachipuka Magharibi na Mkoa wa Kati, na vingi baadaye vikaachiwa vyura. Mwaka 2009 ukaja Mpango wa Kuchochea Uchumi: vidimbwi 200 katika kila eneobunge, maeneobunge 140, kila kidimbwi mita 300 za mraba. Vijana walilipwa kuchimba, vifaranga vikaletwa kwa mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, wanasiasa wakapigwa picha. Kwa muda mambo yalinoga. Samaki wa kufugwa nchini walipita tani 24,000 mwaka 2014. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wameshuka hadi takriban nusu ya hapo. Sababu zilizotolewa ni nyingi na nyingi ni za kweli: chakula ghali, vifaranga duni, ruzuku kwisha, soko kuvurugika. Mimi naongeza moja ambayo katika ukanda huu wa Mlima Elgon haipewi nafasi yake. Vidimbwi vilichimbwa katika udongo wenye asidi, vikajazwa maji laini, na wengi hawakuvitilia chokaa.

Tuanze na malalamiko ya kawaida. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakuta tilapia wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanatweta. Kufikia saa moja asubuhi wengine wamegeuka tumbo juu. Jua likipanda, waliobaki wanatulia na kushuka chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Wa kwanza kushukiwa ni jirani. Wengine husema wametiliwa sumu, na wapo wenye maelezo mazito kuliko hayo. Lakini sumu haina saa maalumu ya kuua. Kinachokuja alfajiri na kuondoka jua linapotoka ni ukosefu wa oksijeni.

Ule ukijani wanaousifu ni mwani mdogo sana, mamilioni kwa mamilioni, unaoelea majini. Mchana hutumia mwanga na hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, na hutoa oksijeni. Ndiyo sababu saa tisa alasiri kidimbwi cha kijani huwa na oksijeni tele. Usiku mambo hugeuka. Mwani nao huvuta oksijeni, samaki wanavuta, bakteria walio kwenye tope wanavuta, na hakuna anayetengeneza. Akiba inaliwa hadi alfajiri, saa ambayo huwa imebaki kidogo kuliko wakati wowote. Kambare atavumilia, kwa maana ana kiungo juu ya matamvua yake kinachomwezesha kupumua hewa ya kawaida. Tilapia hana bahati hiyo.

Pamoja na oksijeni kwisha, hewa ya ukaa inarundikana, na ikiyeyuka majini huwa asidi hafifu. Kwa hiyo pH hushuka usiku na kupanda mchana mwani unapoila hewa hiyo. Kupanda na kushuka huko ni jambo la kawaida, shida ni mwendo wenyewe kuwa mrefu. Katika maji yenye alkaliniti ya kutosha, pH huweza kutembea kati ya 7.5 na 8.5 tu kutwa kucha. Katika maji maskini huweza kuwa 6 na kitu alfajiri na kufika 9.5 alasiri ya siku hiyo hiyo. Samaki huishi vizuri kati ya 6.5 na 9. Huyu wa maji maskini anavuka mpaka wa chini na mpaka wa juu kila siku ya maisha yake, halafu tunashangaa mbona baada ya miezi minane bado anatosha kwenye kiganja.

Alkaliniti ni ghala. Familia yenye magunia ya mahindi haishtuki bei ikipanda mwezi wa Juni. Isiyo na kitu hununua gorogoro kwa gorogoro, na kila bei mpya inaiuma. Maji yenye bikaboneti ya kutosha huimeza asidi ya usiku bila pH kuyumba. Kipimo chake hutolewa kwa miligramu katika kila lita, zikihesabiwa kana kwamba zote ni kaboneti ya kalsiamu. Chini ya 20, kidimbwi kinaishi kwa gorogoro. Kuanzia 50 hadi 150, mfugaji wa tilapia analala usingizi.

Kwa nini ghala la huku linakuwa tupu? Mvua peke yake, kabla haijagusa chochote, ina pH ya takriban 5.6, na huku inanyesha kwa miezi mingi ya mwaka. Maji hayo hupita katika udongo mwekundu uliochujwa na mvua kwa karne nyingi mpaka kalsiamu yake imeondoka. Juu ya hapo tumemwaga mbolea ya DAP msimu baada ya msimu, na DAP huongeza asidi ardhini. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia analijua hilo vizuri. Amehubiriwa na watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kitale, kituo kilichompa mahindi ya H611 mwaka 1964, na anayaona mwenyewe mahindi yakipauka. Upande wa Bungoma, ambako shirika la One Acre Fund lilianzia mwaka 2006, chokaa ya shamba inauzwa kwa wakulima pamoja na mbegu na mbolea. Kwa hiyo si kwamba chokaa ni mgeni. Mkulima huyo huyo anayenyunyiza chokaa shambani amechimba kidimbwi hatua ishirini kutoka hapo, katika udongo ule ule, na hajakitia hata kilo moja. Shamba limehesabiwa kuwa la sayansi, kidimbwi kimeachiwa Mungu.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo pesa inapozama. Samaki 1,000 waliofika gramu 200 kila mmoja ni kilo 200. Ukiwalisha asilimia 2.5 ya uzito wao, ni kilo 5 za chakula kwa siku. Tuseme chakula chenyewe kina protini asilimia 30. Ndani ya protini kuna nitrojeni, na sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo haigeuki minofu. Hutoka kupitia matamvua ya samaki ikiwa amonia. Kwa kilo hizo 5, ni takriban gramu 140 za nitrojeni ya amonia kila siku. Igawanye kwa lita 300,000 unapata karibu nusu miligramu kwa lita, na kesho nusu nyingine, kama hakuna cha kuiondoa.

Kwa bahati, vya kuiondoa vipo. Mwani huila. Na bakteria huigeuza nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki huistahimili. Ila bakteria hawafanyi kazi ya bure. Kila gramu moja ya nitrojeni ya amonia wanayoigeuza hula gramu 7 hivi za alkaliniti. Kama gramu zile 140 zingepitia zote kwa bakteria, maji yangepoteza karibu kilo nzima ya chokaa kwa siku moja. Sasa chungulia ghalani. Maji yenye alkaliniti ya 15, zidisha kwa lita 300,000, yana kilo 4 na nusu kwa jumla, kidimbwi kizima! Hata mwani ukichukua sehemu kubwa ya amonia, akiba hiyo ni ya siku za kuhesabika. Ikiisha, pH inaanguka, bakteria wanalegea, amonia inabaki majini. Samaki wanapoteza hamu ya kula. Na mfugaji, akiona samaki hawakui, anafanya lile linaloonekana la busara: anaongeza chakula.

Kuna jambo jingine kuhusu amonia linalowachanganya hata maafisa. Kichupa cha kupimia husoma amonia yote kwa jumla, ilhali majini ina hali mbili, na moja tu ndiyo sumu kali. Mgawanyo wake hutegemea pH na joto. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Ikifika 8 ni kama asilimia 5. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi. Maana yake, mtu aliyepima saa mbili asubuhi na kuambiwa hakuna neno huenda ana kidimbwi kinachochoma matamvua ya samaki saa tisa alasiri, kwa amonia ile ile. Pima mara mbili, kabla ya jua kutoka na jua linapoanza kupoa. Kipimo kimoja cha saa nne asubuhi, saa ambayo afisa huwa amefika, ni nusu ya habari.

Kitale na Bungoma hazilingani, ingawa semina huwafundisha watu wa pande zote mbili kwa karatasi moja. Bungoma mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale ni kama 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi, na maji hubeba oksijeni kulingana na uzito wa hewa iliyo juu yake. Maji ya nyuzi 25 pale Mombasa huweza kubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Bungoma ni kama 7, Kitale 6.6. Ni kweli maji ya Kitale huwa baridi zaidi, na maji baridi hubeba oksijeni zaidi, kwa hiyo pengo hilo hujifidia kiasi. Lakini baridi ina gharama yake. Tilapia hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa kusitasita. Usiku wa Julai Kitale, kidimbwi kilicho wazi hakimpi joto analolitaka.

Hapo ndipo jedwali lililobandikwa nyuma ya gunia la chakula linapowaponza watu wa Kitale. Limeandikwa kwa ajili ya samaki wa maji ya moto. Ukilifuata neno kwa neno, chakula kinabaki, na kikiwa cha kuzama huoni kilichobaki. Kinaoza chini, kinakula oksijeni, kinatoa amonia. Mfugaji wa Kitale anafaa kulisha saa za jua, kwa mkono, akitazama, na kuacha samaki wakiacha. Anayelisha cha kuelea anaona mwenyewe. Wa Bungoma ana joto zuri zaidi na samaki wake hula vizuri, lakini joto hilo hilo huongeza makali ya amonia na kuchosha oksijeni ya usiku. Yeye aangalie zaidi wingi wa samaki na unene wa ukijani. Kipimo cha bure kipo: zamisha mkono polepole, ukipoteza vidole kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi, acha mbolea na punguza chakula. Ukiwa umefika kwenye kiwiko na bado unaviona vizuri, mwani ni haba.

Chokaa yenyewe. Sikiliza mazungumzo ya dukani, kwa muuza dawa za mifugo na mbegu, maana kila kitu kinaanzia hapo.

"Mama, unataka ya shamba ama ya kupaka nyumba?"

"Si zote ni chokaa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ya kupaka itakuchomea samaki."

Kijana huyo anastahili kuongezwa mshahara. Chokaa ya shamba ni mawe ya kaboneti ya kalsiamu yaliyosagwa, mengi ya huku yakitoka Koru, chini kule kuelekea Kisumu. Huyeyuka polepole, na uzuri wake ni kwamba haiwezi kuipeleka pH mbali zaidi ya 8.3 hivi hata ukizidisha. Ya kupaka nyumba imekwisha kuchomwa tanuruni na kutiwa maji. Ni kali, na ukiimwaga kwenye kidimbwi chenye samaki pH inaweza kuruka kupita 10 kabla hujafunga gunia. Ina kazi yake, ya kuua vimelea katika kidimbwi kikavu kilichokuwa na ugonjwa, lakini hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, amevaa glavu na kufunika macho.

Wakati mzuri ni mara tu baada ya kuvua, kidimbwi kikiwa kitupu. Fungua maji yote yatoke. Ondoa tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, lipeleke kwenye migomba, ni mbolea safi. Acha jua lipige mpaka sakafu ipasuke nyufa za kuingia kidole. Kisha siku isiyo na upepo, nyunyiza chokaa ya shamba sakafuni na kwenye kuta hadi pale maji yatakapofika, ukisawazisha kwa reki. Kwa mita 300 za mraba, kilo 30 hadi 60 ni kiasi cha kawaida. Udongo wenye asidi kali, na huku upo, huhitaji kilo 100 na zaidi. Ingiza maji ya kufika magotini, yaache juma moja. Samadi au mbolea ya kuku isubiri juma la pili, wala usiitie DAP siku moja na chokaa: fosforasi itashikana na kalsiamu, izame chini, na utakuwa umenunua vitu viwili ili vifutane. Baada ya hapo jaza, subiri ukijani uanze, pima, ndipo upigie simu mwenye vifaranga.

Waliotandika plastiki nzito chini ya kidimbwi wana hesabu tofauti. Udongo umefungiwa nje, na asidi yake pia, lakini hata kidogo kizuri ambacho udongo ungetoa kimefungiwa huko. Kila mvua kubwa huyafanya maji kuwa mepesi zaidi. Dawa yao ni kuning'iniza gunia la chokaa ya shamba mahali maji yanapoingilia, yapite ndani yake, na kupima mara nyingi zaidi kuliko jirani mwenye kidimbwi cha udongo.

Wapo wanaotumia majivu. Si ujinga. Nyumbani Bungoma, maji yaliyochujwa kwenye majivu, ule musherekha wa kulainishia mboga, ni alkali iliyotumika jikoni tangu zamani, na majivu ya kuni hupandisha pH ya kidimbwi kweli. Taabu ni kwamba nguvu yake haijulikani: majivu ya maganda ya maharagwe si sawa na ya mkaratusi, na karai moja likizidi hupandisha pH ghafla. Kwa tangi dogo la lita 1,000, soda ya kuokea ni salama zaidi. Gramu 84 huongeza alkaliniti kwa 50, hesabu isiyobadilika. Magadi nayo ni kali kuliko soda hiyo. Kuna tilapia wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, anayeishi katika maji ya pH ya karibu 10, na ameweza kwa sababu mwili wake hutoa taka ya nitrojeni kama urea badala ya amonia. Ni samaki wa ajabu kweli, lakini wako wa Kimilili si ndugu yake wa kufuatisha mfano.

Kuhusu vioo vya samaki wa mapambo, ambavyo hoteli na nyumba kadhaa za mjini zinavyo, neno ni fupi. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasitudhuru sisi, na kiasi kidogo kinachotufaa sisi humdhuru samaki. Yaache kwenye ndoo pana siku nzima, ukiyakoroga mara kwa mara, ndipo uyatie. Usibadilishe yote kwa mpigo, robo inatosha, la sivyo utakuwa umewapa samaki pH mpya kwa dakika moja.

Wa visima wana lao. Maji ya kisima kirefu hutoka yakiwa na oksijeni kidogo na hewa ya ukaa nyingi, na mara nyingine chuma, ile kutu ya rangi ya chungwa inayoganda kwenye bomba na ingeganda vivyo hivyo kwenye matamvua. Yaangushe kutoka juu, kwenye mawe au bati lililotobolewa, yapate hewa kabla ya kuingia. Na sumu za kweli, nilizosema awali kwamba hushukiwa bure alfajiri, nazo zipo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, mashamba ya mahindi hupigwa dawa zaidi, na nyingi za jamii ya pairethroidi ni hatari mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Alama yake ni tofauti: samaki hufa saa yoyote, wakubwa kwa wadogo, kambare naye, mara nyingi baada ya mvua kuosha shamba. Kinga ni mfereji wa kukinga maji juu ya kidimbwi, unaoyazungusha pembeni. Jembe na siku mbili za kazi.

Nimeorodhesha haya nikijua kuna mfugaji atakayesema hana pesa ya vifaa vya kupimia. Ni kweli kifaa cha elektroniki ni ghali, na kikikaa mwaka bila kurekebishwa huwa kinadanganya. Lakini karatasi za pH na kichupa cha matone cha alkaliniti ni vitu vidogo ukivilinganisha na gunia moja la chakula cha samaki, na wafugaji kumi wa kikundi kimoja wanaweza kutumia kimoja. Hata hivyo sitaki mzigo wote umwangukie mfugaji. Serikali zilizotafuta fedha za kuchimba maelfu ya vidimbwi hazishindwi na matone.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa idara za samaki za kaunti mbili hizi. Bungoma ina shamba lake la samaki pale Chwele, ambako wafugaji hufuata vifaranga. Kila anayekuja na mfuko wa kubebea vifaranga aje pia na chupa ya maji ya kidimbwi chake, apimiwe papo hapo, na alkaliniti ikiwa chini ya 20 arudishwe nyumbani na karatasi ya chokaa badala ya vifaranga. Trans Nzoia ifanye vivyo hivyo kupitia maafisa wake wa wadi. Nanyi wafugaji, Januari na Februari ndiyo miezi ya ukame wa huku. Anayetaka kuvua Disemba ijayo, kidimbwi chake kiwe kimekauka na kutiwa chokaa kabla mvua ya Machi haijaanza.